Nzuri, Ila

Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, wenye simu wazitie mfukoni. Leo sikuja na sungura wala fisi. Nimekuja na kigoda kimoja na watu watatu. Hadithi yenyewe haina mkia. Mkia mtautia nyinyi, kwa hiyo atakayesinzia asije akanidai.

Walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Dokta Kokugonza. Msimpelekee mtoto mwenye homa, si dokta wa sindano. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu vilivyochakaa kwa kutembelea watu. Kipaji chake kilikuwa swali. Pale ambapo wenzake waliona jambo limekwisha, yeye aliuliza limeishaje. Tena alikuwa na tabia adimu kwa wasomi: akikosea alisema nimekosea, kwa sauti ile ile anayosemea nimepatia.

Wa pili aliitwa Namkunda, binti wa miaka kumi na tisa wa kijiji cha Lukinga. Kipaji chake kilikuwa sikio. Alipokuwa mdogo, shangazi yake alikuwa akimfukuza barazani wakubwa wakizungumza, maana mtoto huyu hakuchoka kusikiliza, na alichokisikia hakikumtoka.

Wa tatu aliitwa Mbazi, kijana wa hapo hapo Lukinga, mponda kokoto. Kipaji chake kilikuwa jicho, na hasa jicho la chini. Ungetembea naye njia nzima asikutazame usoni, lakini mwisho wa safari angekuambia nani alipita asubuhi, nani alichechemea, na mbuzi wa nani yuko kwenye mihogo ya nani.

Swali, sikio, jicho. Shikeni hayo matatu, maana mwishoni nitawataka myapime.

Sasa niwaeleze kilichotokea Lukinga. Nitakisema mara moja, msiniambie nirudie.

Shule ya sekondari ya Lukinga ilijengwa chini ya kilima. Masika moja, asubuhi, vipindi vikiwa vimeanza, kilima kilishuka. Waliotoka walitoka. Namkunda alitoka, Mbazi alitoka. Mdogo wake Namkunda, Togolai, wa kidato cha kwanza, hakutoka. Na wengine wengi hawakutoka.

Watu walilia, wakazika waliopatikana, wakahamishiwa uwanda wa juu kwenye mahema ya msaada. Mpaka leo mahali pale panaitwa Mahemani, ingawa mahema yamekwisha na watu wamejenga vibanda vya udongo na mabati. Baada ya muda kilio kikakoma. Huzuni haikuisha, watu walikufa ganzi tu. Vijana walikula walichopewa, wakacheka wenzao walipocheka, wakavuta blanketi wakalala. Ukiwaambia kaa, wanakaa. Ganzi haiumi, ndiyo maana hakuna anayeipeleka zahanati.

Mwaka ulipopita, halmashauri ilizoa tope, ikapiga rangi kuta zilizosalia, ikaweka mabati mapya. Afisa elimu, mtu mwenye haraka lakini asiye na roho mbaya, alitaka vijana warudi shuleni pale pale, Januari. Watoto wanapotea, alisema, na jengo lipo. Ila taratibu zilitaka vijana waulizwe kwanza kama wako tayari. Basi akakiandikia chuo kikuu, na chuo kikamleta Dokta Kokugonza.

Dokta akaja na wasaidizi wake wa mjini, wamevaa vizuri, wanaongea vizuri. Wakakaa na kila kijana mmoja mmoja.

"Habari za tangu tukio lile?"

"Nzuri."

"Unalala vizuri?"

"Vizuri."

"Uko tayari kurudi shuleni?"

"Niko tayari."

Kijana baada ya kijana, nzuri, vizuri, tayari. Dokta akaandika taarifa yake: vijana wa Lukinga wamepona kwa kiasi kikubwa, warudishwe shuleni. Afisa elimu alifurahi mno. Akamkaribisha Dokta chai na maandazi, akaagiza na bendera mpya.

Siku ya kuondoka Dokta alipita kuwaaga watu. Akamkuta Namkunda akichambua maharage mlangoni kwa shangazi yake. Namkunda akampa shikamoo, Dokta akaitika marahaba. Walikuwa wameshakaa na binti huyu kama walivyokaa na wengine, naye alikuwa amejibu nzuri, vizuri, tayari. Dokta akauliza swali ambalo halikuwamo katika maswali yake yote.

"Namkunda, kitu gani sikuuliza?"

Binti akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Maswali yalikuwa mazuri, Dokta. Ila mlikuwa mnaondoka mapema."

"Mapema vipi? Tulikaa siku nzima."

"Mlikuwa mnasikia nzuri, mnaandika, mnaenda kwenye swali lingine."

"Tulipaswa kufanya nini?"

"Kusubiri." Akachambua kidogo. "Kwetu mtu hasemi mbaya, Dokta. Hata awe amefiwa leo asubuhi, ukimuuliza habari atasema nzuri. Hiyo ni adabu, hajakujibu bado. Halafu anavuta pumzi. Halafu ndiyo anasema ila. Nzuri, ila mama anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Nyinyi mmekusanya nzuri zetu zote. Ila zetu mmetuachia."

Msicheke. Nani hapa hajui jambo hilo? Hata Dokta alilijua, maana kwao vilevile husemwa nzuri. Alilijua tangu anajifunza kuongea, akaliacha nyumbani siku alipokwenda kazini. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi, na gari lililokuja kumchukua likaondoka bila yeye.

"Basi tuanze upya," akasema. "Na safari hii sitaki unisaidie. Nataka tufanye pamoja, mimi na wewe sawa kwa sawa. Tutaamua pamoja cha kuuliza, na kitakachopatikana kitakuwa chetu sote."

Namkunda akafikiri. "Tumchukue na Mbazi."

"Mbazi yupi? Yule ambaye hakujibu swali hata moja?"

"Huyo huyo," akasema Namkunda.

Ndivyo walivyokuwa watatu. Lakini usawa, ndugu zangu, ni rahisi kuutamka. Asubuhi ya kwanza ya kazi walikaa mkekani, vijana wakamwambia Dokta shikamoo, yeye akasema marahaba, kisha akatoa maoni yake, akawauliza wanaonaje. Wakasema sawa. Akatoa jingine. Sawa. Mpaka mchana walikuwa na mambo mengi waliyokubaliana, na yote yalikuwa ya Dokta.

"Tuache shikamoo," akasema Dokta. "Inatuharibia kazi."

Vijana wakatazamana kama walioombwa wavue nguo. Namkunda akasema, "Dokta, ukiniondolea shikamoo sina pa kuanzia."

Ndipo Mbazi akatoa neno lake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu wakutane. "Shikamoo ibaki. Ila aliyeamkiwa aseme mwisho."

Wakaifanya sheria yao. Kila asubuhi wakubwa waliamkiwa, wakaitika, wakanyamaza. Wadogo wakasema kwanza. Dokta aliteseka. Mara nyingine alikuwa akijifinya mkono ili asidakie. Lakini kuanzia siku ile neno sawa lilipungua pale mkekani, wakaanza kubishana kama watu.

Sasa sikilizeni kila mmoja alichofanya.

Namkunda alikwenda kusikiliza. Hakubeba karatasi. Aliwafuata vijana kisimani, jikoni, kwenye kusukana nywele. Akauliza, habari za siku nyingi? Nzuri. Naye akanyamaza. Kunyamaza mbele ya mtu aliyenyamaza ni kazi ngumu, ijaribuni nyumbani kwenu. Baadaye zile ila zilianza kuja, moja moja, kwa sauti zisizopanda wala kushuka. Nzuri, ila mvua ikipiga bati natoka nje. Nzuri, ila sijafungua lile begi. Nzuri, ila nikisoma maneno nayaona, ila hayaingii.

Kisha akafika kwa msichana mmoja aliyeitwa Zuhena, ambaye zamani alikaa dawati moja na Togolai. Habari za siku nyingi? Nzuri, akasema Zuhena. Namkunda akasubiri. Zuhena akamtazama, akasema, "Na wewe je, habari zako?"

Hilo Namkunda hakulitegemea. Mwaka mzima alikuwa akisema nzuri na hakuna aliyesubiri, naye alishukuru kwamba hawakusubiri. Sasa Zuhena alikuwa akisubiri, tena amefundishwa kusubiri na yeye mwenyewe.

"Nzuri," akasema Namkunda. Akavuta pumzi. "Ila asubuhi ile Togolai alisema tumbo linamuuma. Nikamwambia asinidanganye, avae viatu."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Jambo hilo hakuwa amemwambia shangazi yake, wala mchungaji, wala mtu yeyote. Zuhena naye akatoa la kwake, na kuanzia jioni ile vijana wa Mahemani walikuja wenyewe kwa Namkunda bila kufuatwa. Walijua kwamba ametoa ila yake.

Mbazi yeye hakwenda kwa mtu. Alikwenda njiani. Kutoka Mahemani kwenda kwenye chemchemi, njia fupi inapita uwanja wa shule. Mbazi aliona kwamba njia ile imeota majani. Akaona tena kwamba kuna njia mpya, inazunguka mbali kupitia mashamba ya mihogo, inapanda, inashuka, inapanda tena, na udongo wake umekanyagwa mpaka umeng'aa. Hakuna mkutano ulioitishwa watu wahame njia. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mtu alizunguka kwa siri yake, na siri zote zikawa barabara moja.

Aliwaonyesha wenzake, nao wakaelewa kwamba wamepata ushahidi. Maneno ya vijana mkubwa anaweza kuyaita maneno ya vijana. Njia ni ngumu kuikanusha.

Afisa elimu akaletwa chemchemini kuiona, na watu wawili wa halmashauri. Akaitazama, akakuna kidevu. "Pengine ile ya chini imeharibika," akasema. "Pengine ina utelezi, au nyoka. Watu wanazunguka kwa sababu zao."

Mbazi hakubishana. Alichukua ndoo ya maji iliyokuwa pale chemchemini, akajitwisha, akashika njia ya chini. Hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu siku ile. Rafiki yake wa chanda na pete, waliyekuwa wakiponda naye kokoto siku za likizo, alikuwa kwenye lile tope na hakupatikana. Mbazi alipita uwanjani, akapita pembeni ya kuta zenye rangi mpya, mwendo wa kawaida. Afisa elimu na wenzake wakazunguka kwa njia ya mihogo. Walipofika Mahemani wanahema, walimkuta Mbazi ameshafika zamani, amesimama na ndoo kichwani.

"Njia ni nzima," akasema.

Walimwambia atue ndoo. Mikono haikushuka. Ilikataa tu, na ilibidi Namkunda na shangazi yake waitoe ile ndoo kichwani kama wanavyotua mzigo wa mtu mgonjwa. Mbazi alikaa chini, akatazama vidole vyake. Alisema havisikii.

Hapo kilibaki kikao cha halmashauri, na hapo ndipo zamu ya Dokta ilipofika. Maana kumbukeni, halmashauri ilikuwa na taarifa yake ya kwanza, yenye saini na mhuri, iliyosema vijana warudishwe. Yaliyoletwa na Namkunda na Mbazi yalikuwa mazito, lakini kila yalipowekwa mezani afisa elimu aliinua ile taarifa. Mtaalamu mwenyewe amesema wako tayari, alisema. Tumsikilize mtaalamu au njia ya mihogo?

Dokta Kokugonza alisimama. Wakuu wake wa chuo walikuwa wamemwonya kabla. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na mtafiti anayefuta kazi yake mwenyewe hadharani hapewi mkataba mwingine kirahisi. Walimshauri aandike nyongeza ndogo, maneno laini, kila mtu abaki na heshima yake.

"Taarifa ile niliiandika mimi," akasema. "Haina ukweli. Niliuliza vibaya, nikaondoka mapema. Naomba ifutwe."

"Dokta," afisa elimu akasema kwa upole, "unajiharibia."

"Najua," akasema Dokta. "Ifutwe." Kisha akakaa, akawapisha Namkunda na Mbazi waseme, yeye akasema mwisho kama sheria yao ilivyotaka.

Taarifa ikafutwa. Halmashauri ikaamua shule isifunguliwe chini ya kilima, ijengwe upya uwanda wa juu, na vijana wapewe mtu wa kuzungumza nao kabla ya kupewa vitabu. Leo ukienda Lukinga utaona madarasa juu kule, na chini utaona kuta zenye rangi nzuri zinaota majani, na hakuna anayelazimishwa kupita pale.

Mngetegemea vigelegele. Havikupigwa. Vijana walipoambiwa kwamba hawarudi kule, walisema sawa. Lakini Zuhena aliingia ndani akafungua begi lake, akatoa daftari lililoganda tope, akaliweka juani. Kwa watu waliokufa ganzi, hilo ni jambo kubwa.

Sasa kigoda. Mlidhani nimekisahau.

Chuo kikuu kile kilikuwa na Kigoda cha Utafiti. Mnakijua kigoda cha mzee, miguu mitatu na kikalio kimoja. Hiki cha chuo ni cha namna hiyo hiyo, ila hakionekani kwa macho. Anayepewa anabaki chuoni: kama ni mwanafunzi anasomeshwa mpaka atosheke, kama ni mwalimu ana mahali pake na hakuna wa kumwondoa. Hupewa mtu mmoja aliyeleta jambo jipya, na jina lake ndilo linalotangulia katika kazi hiyo milele. Mwaka ule baraza la chuo lilisema hakuna jambo jipya lililozidi la Lukinga. Wakamtuma mkuu wa kitivo, Profesa Gwandumi, aende akaangalie kigoda apewe nani.

Eleweni kila mmoja alikuwa na nini cha kupoteza. Dokta asipokipata, mkataba umekwisha, na kazi ya kuuliza, ambayo ndiyo pekee anayoijua, imekwisha nayo. Namkunda asipokipata, anabaki kwa shangazi, katika chumba alicholala na Togolai, na viatu vya akiba vya Togolai viko chini ya kitanda. Mbazi asipokipata anarudi kuponda kokoto, na kokoto za Lukinga zinatoka kwenye kilima kile kile. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja kwa watu watatu.

Profesa Gwandumi alikuwa mzee mpole, mwenye kofia ya kitambaa na moyo mzuri. Sitaki mumchukie. Alifika Mahemani akawakuta watatu mkekani. Namkunda na Mbazi wakamwambia shikamoo. Dokta Kokugonza naye, ambaye Profesa ndiye aliyemfundisha, akasema shikamoo. Profesa akaitika marahaba, marahabani wote. Na kwa kuwa hakuna aliyemweleza sheria ya mkeka ule, akaanza yeye.

"Kazi yenu nimeisoma," akasema. "Nzuri sana. Kwa bahati mbaya kigoda ni kimoja. Mimi naona hata jina likiwa la mmoja, heshima ni yenu wote. Mnasemaje?"

"Sawa," akasema Mbazi, akitazama chini.

"Sawa, Profesa," akasema Namkunda.

Dokta akasema mwisho. "Sawa."

"Kwa hiyo nikimtaja mmoja, wawili waliobaki watajisikiaje?"

"Vizuri tu."

"Vizuri."

"Vizuri."

Uso wa Profesa ulikunjuka. Alikuwa na wasiwasi njia nzima kwamba atakuta ugomvi, maana amewaona wasomi wakigombania hata kiti cha mbele kwenye basi la chuo. "Mungu awabariki," akasema. "Ndiyo maana mmefaulu." Akainuka, akajipangusa vumbi, akavaa kofia yake.

Namkunda alikuwa amevuta pumzi. Mbazi alikuwa ameinua uso, jambo ambalo watu wa Mahemani wanaweza kuhesabu mara walizoliona. Dokta alikuwa anamngojea yeyote kati yao aseme kwanza, kwa sababu ndiyo sheria. Mlango wa gari ukafungwa, na vumbi likabaki njiani.

Kule mbele, kabla ya kufika lami, Profesa alimwambia dereva wake kwamba bado hajajua amtaje nani, ila anashukuru kwamba watu wenyewe hawana shida. Mpaka leo hajataja.

Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi. Kina mama wa kwaya fulani waliniambia apewe Namkunda, maana bila ya ila yake hakuna chochote kilichogundulika, na aliyeufungua moyo wake ndiye aliyelipa zaidi. Nikakaribia kukubali. Mmoja wao, mama mwenye miwani, akawauliza wenzake: angefungua nini kama Dokta hangerudi kumuuliza kile ambacho hakuuliza? Wakaacha kuimba siku hiyo, wakaenda nyumbani wanabishana.

Waendesha bodaboda wa stendi moja walisema Mbazi, hakuna mjadala. Maneno yalishindwa na njia ikashinda. Na alitembea juu ya rafiki yake, mzee, alisema mmoja, nani kati ya hao wengine alifanya hivyo? Lakini mwingine aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki yake akasema kwamba Mbazi mwenyewe asingekaa mkekani kama Namkunda asingemtaja, na njia ingebaki njia.

Na walimu niliowasimulia wakasema Dokta. Alikuwa na cha kupoteza, akakipoteza kwa hiari, na bila hivyo wote wawili wangesikilizwa na kusahauliwa. Basi mwanafunzi wao mmoja, ambaye hakuna aliyemwita, akasema kwamba kosa lile la kwanza lilikuwa la Dokta huyo huyo, na mtu hazawadiwi kwa kuzima moto alioukoka. Mwalimu mmoja akamwambia nyamaza. Mwingine akamwambia endelea.

Wapo wanaosema kigoda kigawanywe. Ukikipasua vipande vitatu umepata kuni. Wapo wanaosema wasimpe mtu yeyote, na hao sijui wana roho ya namna gani.

Basi zamu yenu. Swali halikumaliza kazi bila sikio, sikio halikutosha bila jicho, jicho lisingeaminiwa bila aliyesema nimekosea. Wote watatu wamesema sawa, na kikalio ni kimoja. Je, wewe ungeamua vipi?

Nijibuni mkianzia kwa mdogo, mimi na wakubwa wenzangu tutasema mwisho. Na mtu akishajibu asikimbilie kukaa. Nitamuuliza, umeridhika na uamuzi wako? Najua atasema ndiyo. Tutanyamaza kidogo, tumsubiri.